Picha Zilizotulea

Kabla hujaendelea kusoma, hebu inua macho utazame ukuta wa sebule yako. Kuna nini pale? Wengi wetu tutajibu upesi: kalenda ya kanisa, picha ya harusi, saa iliyosimama tangu Pasaka. Kwetu sisi watu wazima ukuta ni ukuta tu. Lakini mtoto wako anayekula uji pale mkekani anautazama ukuta huo kila siku, na ataukumbuka hata baada ya nyumba kuuzwa.

Sisi wauguzi huulizwa mtoto ale nini, avae nini, achanjwe lini. Ni nadra sana mama kuuliza mtoto atazame nini. Basi katika makala haya tumekusudia kuzungumza juu ya picha chache mashuhuri duniani, ambazo zenyewe zimetundikwa katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani, lakini nakala zake zilifika hadi vijijini kwetu kwa njia ya kalenda, kadi na vitabu vya shule ya Jumapili. Hatuzungumzi kama wataalamu wa sanaa, maana hatukuisomea. Tunazungumza kama watoto waliolelewa chini ya picha hizo, katika nyumba ya mbao iliyoezekwa bati, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, miaka ya 1980.

Karibu kila nyumba ya Kikristo tuliyoingia wakati ule ilikuwa na uso wa Yesu uliochorwa na Warner Sallman wa Chicago mwaka 1940: nywele ndefu za rangi ya kahawia, macho yakitazama juu kidogo. Nakala zake zilizochapwa duniani zinapita milioni 500. Kaka yetu mmoja aliiita picha ya kitambulisho ya Yesu, akachapwa kwa kusema hivyo. Tulikuwa watu wazima tulipofika Murang'a, Kenya, na akina mama wa usharika wetu, tukaona kanisani picha kubwa za ukutani alizochora Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, mwishoni mwa miaka ya 1950. Humo Yesu ni Mwafrika, na vilima vinavyomzunguka ni vilima vya Wakikuyu. Mama mmoja katika msafara wetu alisimama mbele ya ile ya kuzaliwa Yesu mpaka dereva akaanza kupiga honi.

Lakini si juu ya sura ya Yesu tunakotaka kukaa leo. Tunataka kukaa juu ya mambo yaliyotokea chini ya picha.

Sahani iliyofunikwa

Picha ya Karamu ya Mwisho tuliyokuwa nayo haikuwa ya karatasi. Ilikuwa kitambaa cha kutundika, laini kama mahameli, chenye rangi nyekundu na dhahabu, na baba ndiye aliyeinunua Moshi mjini mwaka mmoja ambapo malipo ya kahawa yalikuwa mazuri. Aliifunga kwenye baiskeli akaja nayo akiimba. Tunapenda kulitaja hilo mapema, kwa kuwa tutakayoyasema juu ya baba mbele huko si mazuri yote.

Picha yenyewe ilichorwa na Leonardo da Vinci kati ya mwaka 1495 na 1498, huko Milan, nchini Italia. Hakuichora kwenye turubai bali ukutani, katika ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa Santa Maria delle Grazie. Watawa walikula mkate wao kimya, na juu yao Yesu na wanafunzi wake nao walikuwa mezani. Leonardo hakufuata njia ya kawaida ya kupaka rangi lipu ikiwa bado mbichi. Alipaka juu ya ukuta mkavu ili apate nafasi ya kurekebisha polepole, na kwa sababu hiyo rangi ilianza kubanduka hata kabla hajafa. Mwaka 1652 watawa walipanua mlango chini ya picha wakakata miguu ya Yesu. Mwaka 1943 mabomu ya vita yaliangusha sehemu kubwa ya ukumbi, ukuta wa picha ukabaki umesimama nyuma ya magunia ya mchanga. Kazi ya mwisho ya kuisafisha na kuitengeneza ilichukua zaidi ya miaka 20, ikamalizika 1999. Ni picha iliyoumia sana, na bado watu wanaenda kuitazama.

Sisi watoto tuliipenda kwa sababu ya chakula. Tulihesabu mikate. Tulihesabu watu kumi na watatu, tukauliza kwa nini wote wamekaa upande mmoja kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Mama alijibu, "Upande huu mwingine ni wetu."

Nasi tulikuwa na meza yetu chini ya kitambaa kile. Watoto sita na mama, mdogo wetu wa mwisho akiwa mapajani mwake. Sahani zilikuwa nane. Ya nane ilikuwa ya baba, imefunikwa kwa sahani nyingine, na aliyethubutu kugusa nyama yake alijua atakachopata. Baba alikuwa kilabuni. Mwanzoni alichelewa Jumamosi tu, baadaye ikawa siku zote za wiki. Mtori ulipoa, ukaganda mafuta juu, na asubuhi mama aliupasha moto akatugawia kabla ya kwenda shule bila kusema neno lolote.

Akina mama wanaojua sahani ile hawahitaji maelezo. Tunalotaka kusema ni kwamba katika chakula kile cha jioni hakuna aliyeweza kuitazama sahani, na hakuna aliyeweza kumtazama mama. Tulitazama kitambaa. Picha ilitupa mahali pa kuweka macho, na mama naye alipata mahali pa kuanzia mazungumzo. Alitusimulia habari za Petro na za Yohana, akaonyesha kwa kidole nani ni nani. Wakati mwingine alibuni, maana tulikuja kugundua baadaye kwamba yule aliyemwita Petro siye.

Hodi

Picha ya pili ilikuwa chumbani kwa wazazi, kwenye fremu isiyo na kioo. Ni Yesu amesimama usiku mbele ya mlango uliofungwa, ameshika taa mkononi. Mchoraji ni Mwingereza, William Holman Hunt, naye aliipa jina linalomaanisha Nuru ya Ulimwengu. Aliichora kati ya 1851 na 1853, na ili aupate mwanga wa mwezi sawasawa alikaa nje usiku wa baridi kwenye shamba moja huko Surrey akichora. Picha ile ya kwanza ipo Keble College, Oxford. Uzeeni, macho yakiwa yamefifia, alichora nyingine kubwa zaidi kwa msaada wa mchoraji mwenzake. Hiyo ilizungushwa Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini kati ya 1905 na 1907, kisha ikawekwa katika kanisa kuu la St Paul's, London.

Ukiitazama vizuri utaona kwamba mlango umeota magugu, maana haujafunguliwa siku nyingi, na kwamba kwa nje hauna kitasa. Hunt alifanya hivyo makusudi. Mlango huo hufunguliwa kwa ndani tu. Neno lake liko Ufunuo 3:20.

Sasa sisi ni watu wa hodi. Mgeni akifika husimama uani akaita, akangoja aambiwe karibu. Akiita mara tatu bila kujibiwa, huondoka, na hakuna anayemlaumu yeyote. Kwa hiyo picha ile haikutushangaza. Tuliona mtu mwenye adabu anapiga hodi.

Baba hakupiga hodi. Tulimsikia tangu kwenye migomba, halafu ngumi mlangoni, na siku nyingine teke. Mama aliwasha chemli. Kuna usiku alifungua mara moja. Kuna usiku alitutoa kwanza kwa mlango wa nyuma tukakimbilia kwa bibi, ng'ambo ya mfereji, ndipo akaenda kufungua.

Dada yetu mkubwa, ambaye alikuwa na tabia ya kufikiri jambo wiki nzima kabla ya kulisema, alimuuliza mama siku moja wakichambua maharage, "Mama, kama kitasa kiko ndani, basi si lazima mtu afungue?"

Mama alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Yule wa kwenye picha anangoja. Huyu wetu hangojei."

Hakuongeza. Lakini kwa maneno hayo machache alikuwa amesema kwa mara ya kwanza mbele yetu kwamba yanayotokea usiku yanatokea, na kwamba si sawa. Angesemaje vinginevyo? Mwanamke wa wakati ule, mke wa mzee wa kanisa aliyeachishwa uzee, angewaitaje watoto wake akawaambia habari za baba yao? Picha ndiyo iliyomfungulia njia.

Jambo hili tumelishuhudia tena katika kufundisha shule ya Jumapili. Ukiwaonyesha watoto picha hiyo hiyo ukawauliza, "Mnaona nini?", wengi watasema taa, taji, mlango. Lakini yupo atakayesema, kama alivyosema mtoto mmoja wa miaka sita, "Mama yake amemfungia nje." Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, na hatukumsahihisha. Tulimwuliza amefungiwa kwa nini, akaeleza, na kilichofuata kilihitaji mchungaji na mjomba wa mtoto kuketi pamoja na wazazi wake. Mtoto hawezi kukwambia habari za kwao ukimwuliza habari za kwao. Mwulize habari za picha.

Pombe ya bibi harusi

Hapa tuseme jambo dogo la pembeni. Mtu asije akafikiri kwamba tunailaani mbege na desturi za wazee wetu. Kuna mchoraji aliyezaliwa Machame mwaka 1923, Sam Ntiro, aliyesoma Makerere na baadaye Slade huko London, na baada ya Uhuru wa 1961 akawa Balozi wetu Uingereza. Alifariki mwaka 1993. Huyu alichora maisha ya kwao: mashamba, soko, migomba, watu wakifanya kazi pamoja. Picha yake moja ya mwaka 1956 inaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na tangu 1960 imo katika Museum of Modern Art, New York.

Tulipoiona nakala yake kitabuni tulicheka kwanza. Wazee wetu na vibuyu vyao wako New York! Halafu tuliendelea kuitazama. Wanaume wanatembea usiku na pombe, sawasawa na baba, lakini hawa wanaenda pamoja, wametumwa, wanapokwenda wanangojwa kwa furaha. Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa akisema kwamba mbege ya posa ina mwenyewe, na ikiisha watu hurudi kwao. Pombe ya kilabuni haiishi na haina mwenyewe. Tunaona alisema vizuri kuliko semina nyingi za ulevi tulizowahi kuhudhuria.

Viti viwili

Picha ya nne hatukuiona nyumbani. Tuliiona chuo cha uuguzi, rangi nyeusi na nyeupe, katika kitabu cha zamani ambacho kurasa zake zilikuwa zimeachia. Inaitwa Daktari. Aliichora Luke Fildes, Mwingereza, nayo ilionyeshwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1891. Leo ipo Tate Britain.

Ni chumba cha watu maskini. Mtoto mgonjwa amelazwa juu ya viti viwili vilivyounganishwa, viti visivyofanana, mkono wake umening'inia. Daktari amekaa karibu yake, kidevu mkononi, anamtazama. Mezani kuna chupa ya dawa, kikombe na kijiko. Nyuma, gizani, mama ameinamia meza amelaza uso kwenye mikono, na baba amesimama, mkono wake uko begani mwa mkewe. Dirishani alfajiri inaanza kuingia.

Mwalimu wetu alituuliza, "Hapa nani anafanya kazi ya muuguzi?" Tukatafuta muuguzi, hayupo. Mwalimu akasema ni yule daktari. Mwaka 1891 hakuwa na chochote cha kumpa mtoto yule zaidi ya alichokwisha kumpa. Penisilini iligunduliwa 1928, ikaanza kutibu watu wengi miaka ya 1940. Kilichobaki ni kukaa na kutazama: anapumuaje, rangi ya midomo, joto, kama anameza. Kutazama ni kazi, akasema mwalimu, na atakayelala zamu ya usiku aikumbuke picha hii.

Fildes alijua alichokuwa anachora. Mtoto wake wa kwanza, aliyeitwa Philip, alifariki wakati wa Krismasi mwaka 1877, na yule baba hakumsahau kamwe daktari aliyekuwa akija kukaa nao. Miaka mingi baadaye tajiri mmoja, Henry Tate, alimwomba amchoree picha na kumwachia achague habari yenyewe. Alijenga chumba kizima cha maskini ndani ya karakana yake ili apate mwanga ule wa dirishani. Wake hakupona. Katika picha, alfajiri inaingia na wazazi wanaanza kupata tumaini.

Wenzetu darasani walimtazama daktari. Sisi macho yetu yalikuwa kule nyuma, kwenye ule mkono wa baba.

Masika ya mwaka 1986 mdogo wetu wa mwisho alishikwa na homa. Alikuwa na miaka miwili na nusu. Jioni alicheza kidogo, usiku akaanza degedege. Mama aliunganisha viti viwili karibu na moto, maana kitandani tulikuwa wengi, akamlaza hapo akimkanda kwa maji ya vuguvugu. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto na mto ulikuwa umejaa. Bibi alisema mwenye degedege asipelekwe kuchomwa sindano, atakufa. Imani hiyo bado tunakutana nayo wodini hata leo, na tunarudia hapa kwa herufi zote: degedege la homa ni dalili ya ugonjwa, mara nyingi malaria kali, na mtoto akimbizwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Lakini usiku ule si imani iliyotuzuia. Ni mto, na kukosa mwanamume wa kumvusha.

Mama alikaa na kumtazama mpaka alfajiri. Dada yetu mkubwa, miaka 16, alisimama nyuma yake, mkono begani. Sisi tulikuwa chini, kwenye mkeka, macho wazi. Alifariki kabla jua halijatoka.

Baba alifika jua likiwa juu. Mfukoni mwa koti alikuwa na sukari nusu kilo, imefungwa kwenye karatasi. Wanaoikumbuka miaka ile wanajua sukari ilivyokuwa adimu. Alikuwa amemwahidi mtoto.

Ndiyo maana tunasema picha hazisemi jambo moja kwa watu wote. Huko Marekani, picha hii ya Fildes iliwekwa kwenye stempu mwaka 1947, na mwaka 1949 chama cha madaktari kiliitumia kupinga mpango wa serikali wa bima ya afya. Waliona daktari na mgonjwa wake, serikali ikae mbali. Sisi tunaona mkono ule. Akina baba wanaosoma gazeti hili kwa kuazima kwa wake zao nao wautazame. Baba yule hana dawa, hana elimu ya tiba, hana fedha kama anavyoonekana. Yupo tu, amesimama mahali panapomhusu.

Picha za kufaa nyumbani

Akina mama wengine watauliza, je, ni vema kuwaonyesha watoto picha za huzuni? Kwa maoni yetu mtoto aliye na huzuni tayari anaifahamu. Picha haimletei. Inampa mahali pa kuiweka. Kwa mtoto mdogo sana chagua picha yenye watu wachache na kitu kimoja cha kushika macho: taa, mkate, mkono. Usiitundike juu karibu na dari kama tunavyopenda kufanya. Iwe usawa wa macho ya mtoto. Na ukiitundika, usimwelezee kwanza. Mwache aseme yeye, hata akikosea jina la Petro.

Siku hizi picha hizi zote zinapatikana kwenye simu, na hilo ni jema, maana unaweza kuikuza ukaona hata ukucha. Lakini simu huzimwa ikawekwa mfukoni. Picha ya ukutani inabaki pale wakati watu wanagombana, wakati wanakula, wakati hakuna anayeitazama. Kuchapisha nakala moja mjini na kuitia fremu hakuzidi bei ya kitenge.

Aliyesimama pembeni

Mwaka uliofuata msiba, baba aliondoka. Alikwenda Mererani kutafuta tanzanaiti, kama wanaume wengi wa kwetu na wa Arusha walivyokwenda miaka ile. Mwanzoni tulipata habari zake, kisha hatukupata. Mama aliuza maziwa, akatusomesha. Kitambaa cha Karamu ya Mwisho kilipauka, sahani ya nane ikaacha kuwekwa.

Alirudi mwaka 1997, jioni, amekonda, anakohoa. Vumbi la mashimo lilikuwa limekula kifua chake, na kifua kikuu kikamalizia kilichobaki. Hakugonga mlango. Alisimama uani akaita hodi. Mama alikuwa ndani, akaitambua sauti, akakaa. Akaita tena. Wale wadogo waliokuwapo nyumbani wanasema ilipita kama nusu saa. Halafu mama akafungua.

Ni katika siku hizo ambapo marafiki wa usharika wetu huko Ujerumani walituma kadi, na moja ilikuwa na picha ya Rembrandt ya kurudi kwa mwana mpotevu. Rembrandt, Mholanzi, aliichora mwishoni kabisa mwa maisha yake, karibu mwaka 1668. Alifariki 1669, na kabla yake alikuwa amemzika mke na watoto. Picha ni kubwa kupita mtu, ina kimo cha zaidi ya mita mbili na nusu, na ipo Hermitage, St Petersburg, Urusi. Kijana amepiga magoti, kichwa kimenyolewa kama cha mfungwa, kiatu kimoja kimevuka na unyayo unaonekana. Baba mzee ameweka mikono yote miwili mgongoni mwake. Watu wengi wameona kwamba mikono hiyo haifanani, mmoja ni mpana na wa kazi, wa pili ni laini zaidi. Mama yetu alipoiona alisema, "Huu mmoja ni wa mwanamke."

Kwetu mambo yalikuwa kinyume. Aliyerudi ndiye baba, na waliokuwa nyumbani ni watoto. Tulijaribu kumweka kila mtu mahali pake katika picha ile na hapakutosha. Isipokuwa mmoja. Upande wa kulia wa picha amesimama mtu mrefu, joho jekundu, mikono ameifungia juu ya fimbo, anatazama chini asisogee. Wengi wanamtambua kuwa ndiye mwana mkubwa. Dada yetu alisimama hivyo hivyo.

Alikuwa ameolewa, ana watoto wake. Siku aliyosikia kwamba baba amerudi alikuja akasimama kwenye kizingiti cha chumba, akamtazama, hakumpa mkono. Baba alimwita kwa jina lake la utoto. Hakuitika. Wazee wa ukoo walimsema, mchungaji naye akaja na Luka 15. Dada akasikiliza kwa heshima na kumpa mchungaji chai.

Lakini kila Jumamosi alishuka kutoka kwa mumewe, mwendo wa saa nzima, na chupa ya uji wa ulezi na maziwa. Nguo za baba alizifua yeye, na dawa za kifua kikuu, ambazo mgonjwa asipozimaliza ugonjwa hurudi na usugu, alizihesabu yeye kidonge kwa kidonge. Sisi wenye mafunzo tulikuwa wodini tukihudumia wagonjwa wa watu wengine.

Tulipomwonyesha kadi aliishika muda mrefu. Akaweka kidole juu ya yule aliyesimama.

"Huyu aliingia?"

Tukamwambia Luka hasemi. Habari inaishia nje, baba anamsihi, na hatuambiwi kama aliingia au hakuingia.

"Basi mwacheni asimame," akasema, akaturudishia kadi. Kisha akaitikisa chupa ili uji usigande, akausukuma mlango kwa kiwiko, akaingia chumbani kwa baba.